Asali ya Manyoni Mbele ya Pua na Kipimo

Wako wachuuzi wanaochovya njiti ya kiberiti ndani ya asali, wakaiwasha, na ikishika moto mteja anaambiwa ni asali halisi. Mchezo mzuri, lakini hauthibitishi kitu. Sharubati ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo inaweza kuiacha njiti iwake.

Mwonjaji wa kweli huanza na pua. Humimina asali kidogo kwenye glasi, huifunika na kuishika viganjani mpaka ipate uvuguvugu, ndipo anafunua na kunusa. Kama mrina asali alizidisha moshi, moshi ndio humpokea. Kama masega yalikamuliwa pamoja na majana, hukutana na uchachu usio wa maua. Kijiko huja baadaye: asali huachwa iyeyuke ulimini taratibu, imezwe, kisha asikilize koo. Rangi haihukumu peke yake, kwani maua ya vichaka vya Itigi, huko Manyoni, si ya miyombo. Wala kuganda si ushahidi wa sukari ya dukani. Asali yenye glukosi nyingi huganda yenyewe.

Ulimi, hata hivyo, una mipaka. Maji hupimwa kwa refraktomita: tone moja juu ya kioo, kisha husomwa jinsi mwanga unavyopinda. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu maji kuzidi asilimia 20, kwa sababu yakizidi hamira huamka na asali huchacha. Ndiyo maana masega hurinwa yakiwa yamezibwa nta.

Umri nao una kipimo chake. Mvinyo wa port wa Ureno, ule wa mwaka bora, hukaa chupani miaka 20 na zaidi ukazidi kusifiwa. Asali haina bahati hiyo. Kadiri inavyokaa, na hasa inavyopata joto, kemikali iitwayo HMF huongezeka. Codex huweka kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Chupa inayoanikwa juani kando ya barabara huzeeka kabla ya siku zake.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma huvuruga hesabu hii yote. Ni nyepesi, ina ukakasi, na maji yake kwa kawaida huvuka hiyo asilimia 20 ikiwa nzima kabisa. Anayeipima kwa kanuni ya nyuki wakubwa ataikataa bure.