Mgeni na Uteuzi wa Seva: Je, Kweli Ana Hiari?

Katika mijadala kuhusu mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, kuna hoja inayorudiwa mno: kwamba mgeni anayekimbilia seva kubwa ni mvivu wa kufikiri. Katika makala haya mafupi tunaikosoa hoja hiyo kwa kutumia mfano wa Mastodon, mtandao ulioanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mtandao huu hauna mmiliki mmoja. Ni maelfu ya seva, kila moja ikiwa na msimamizi wake na kanuni zake, lakini zinapelekeana ujumbe. Kwa hiyo anayejiunga hana budi kuamua kwanza atakaa seva gani.

Wengi walioihama Twitter baada ya Elon Musk kuinunua Oktoba 2022 walikwenda mastodon.social, seva ya waanzilishi wenyewe. Huo si uvivu. Mtu anayefika Kampala mara ya kwanza, akaingia kituo cha taksi, hupanda gari lililokaribia kujaa. Hamjui dereva, anajua tu kwamba gari hilo litaondoka mapema. Wingi wa watu ndio ushahidi pekee alio nao. Mei 2023 waanzilishi wenyewe walilikubali jambo hili, wakaiweka seva yao kuwa chaguo la kwanza, na nyingine zikabaki nyuma ya kitufe cha pili.

Kundi la pili huchagua kwa shughuli: wasanii huenda mastodon.art, wapenzi wa programu huria huenda fosstodon.org. Kundi la tatu humfuata rafiki. Kwa maoni yetu, hawa wa tatu ndio wenye hekima zaidi, kwani wana wa kumuuliza.

Wapo wanaowatuliza wageni kwa kusema kuwa seva ni kama barua pepe: chukua yoyote, barua zitafika tu. Mlinganisho huu una kasoro. Anwani ya barua pepe haina majirani, seva inao. Msimamizi aweza pia kukata uhusiano na seva nyingine nzima, kama wengi walivyoikatia Gab mwaka 2019. Seva ndogo nazo hufa: mastodon.lol ilifungwa mwaka 2023 kwa uamuzi wa mwenyewe. Na anayehama huwachukua wafuasi wake, lakini maandishi yake ya zamani hayahami naye.

Kosa basi haliko kwa mgeni. Anaulizwa mlangoni swali ambalo jibu lake hupatikana baada ya kukaa. Ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani kabla ya somo.

Kwetu hapa Uganda suala hili si la nadharia tupu. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizuiwa, na vikundi ambamo wanafunzi wetu walifanya mazoezi ya Kiswahili vikanyamaza. Tusidanganyane kwamba seva nyingi zingetuokoa: intaneti yote ilipozimwa jioni ya tarehe 13, hakuna seva ambayo tungeifikia. Hata hivyo tulijifunza jambo moja. Insha zao za miezi kadhaa zilikuwa mikononi mwa watu wasiowajua, na hawakuwa na nakala.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapotuuliza ajiunge wapi, tusimtajie seva tu. Tumfundishe kuuliza maswali matatu: Nani anaiendesha na kwa fedha za nani? Kanuni zake zinasemaje? Nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Asiyepata majibu na aende penye watu wengi, hatutamlaumu. Ila aweke nakala ya kazi zake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tunaongeza: mgeni naye amjue mwenyeji wake.