Mlisho wa RSS na Uhakiki wa Tungo za Mitandaoni

Utungo wa Kiswahili umehama makao mara nyingi. Ulitoka kinywani ukaingia katika hati za Kiarabu, kisha ukaingia magazetini. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka wa 1923, liliwawezesha watunzi kujibizana mbele ya hadhira wasioonana nayo. Siku hizi sehemu kubwa ya majibizano hayo imo katika mitandao ya kijamii. Suala linalomkabili mhakiki si kama tungo hizo zastahili kuitwa fasihi, kwani hilo hujibiwa kwa kuzisoma. Suala ni azisome kwa njia gani.

Mtu afunguapo Facebook au X, kwa kawaida haletewi maandishi kwa utaratibu yalivyoandikwa. Huletewa yale ambayo programu ya kampuni imekadiria kuwa yatamshikilia. Yamkini shairi la kujibu likatangulia lile linalojibiwa, na mtunzi asiye na wafuasi wengi asionekane kabisa. Mhakiki anayeutegemea ukurasa huo huwa amekubali, pasi na kujua, kuchaguliwa matini na mhariri asiyeonekana, ambaye kigezo chake si ubora wa utungo.

Mlisho wa RSS hufuata kanuni nyingine. Mfumo huu ulizuka mwaka wa 1999 katika kampuni ya Netscape, na toleo lake la 2.0 likatoka mwaka wa 2002. Kimsingi ni faili la maandishi linaloorodhesha mambo mapya ya tovuti fulani, aghalabu kila jambo likiwa na anwani na tarehe yake. Msomaji huipa programu ya kusomea milisho anwani ya faili hilo. Programu hulizuru kila baada ya muda na kumletea kilichoongezeka, kwa mfuatano wa tarehe. Hapana anayempangia nini kitangulie.

Kwa uhakiki, faida ya utaratibu huo ni dhahiri. Majibizano hayaeleweki pasipo kujulikana nani alianza na nani alijibu. Aidha, mhakiki aliyejiandikia orodha ya watunzi wake aweza kueleza wazi jinsi alivyoipata matini yake, na mwingine akaweza kumpima.

Hata hivyo, njia hiyo imezibwa mahali pengi. Mwaka wa 2013 Twitter, ambayo sasa huitwa X, iliiondoa milisho yake, na mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, Google Reader ilifungwa. Sababu si ngumu kuidhania: asomaye kwa mlisho haingii ukurasani, na asiyeingia haoni matangazo ya biashara. Mastodon ingali na mlisho kwa kila akaunti ya hadharani, ambao hupatikana kwa kuongeza herufi .rss mwishoni mwa anwani ya mtunzi. Bluesky nayo ina mlisho wake, na chaneli za YouTube vilevile. Kwa hiyo, mhakiki atumiaye milisho peke yake atawasikia watunzi wa mitaa michache tu, na atakosea akiwaita hao ndio watunzi wa Kiswahili wa leo.

Kasoro kubwa zaidi imo ndani ya mlisho wenyewe. Mlisho wa mtunzi humleta mtunzi peke yake. Maneno ya wasomaji waliomsifu, waliomkosoa au waliomjibu kwa beti zao hayamo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, na W. E. Taylor, aliyeyahifadhi. Tungo zake nyingi zilikuwa kauli katika ugomvi wa Mombasa na wapinzani wake; asiyeyajua yaliyozichokoza hubaki na maneno matamu yasiyo na shabaha. Mlisho waweza kumfanyia mtunzi wa leo dhara hilo hilo: ukamhifadhi kwa uaminifu, na papo hapo ukamnyamazisha mwenziwe.

Fauka ya hayo, programu nyingi za kusomea huhifadhi nakala hata baada ya mtunzi kulifuta shairi lake. Hapo mhakiki huwa mikononi na matini ambayo mwenyewe ameikana. Kulifahamu toleo la kwanza kwaweza kumsaidia kuona jinsi utungo ulivyokomaa. Lakini kulitangaza bila idhini ni kumnyima mtunzi haki aliyokuwa nayo mtangulizi wake, ya kuichana karatasi kabla haijafika kwa mhariri.

Basi mlisho ufaa uchukuliwe kuwa faharasa, wala si diwani. Humwambia mhakiki kwamba utungo upo, ni wa nani na ulitoka lini. Kisha humbidi aende kwenye ukurasa wenyewe, asome majibu, ayanakili pamoja na tarehe zake, na kuomba ruhusa inapohitajika. Kazi hiyo haikawii kuchosha. Lakini milisho mingi huwa na idadi ndogo tu ya maandishi ya karibuni, na ya zamani husukumwa nje na mapya. Tungo zisizokusanywa mapema, pamoja na mazungumzo yaliyozizaa, hazina Mwalimu Sikujua wa kuziokoa.