Ubao wa Copenhagen, Kata ya Mbweni

Rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya kwanza sasa yuko Copenhagen kimasomo. Mwezi Juni alinitumia picha ya ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, ndani ya baa ndogo iliyoko Vesterbro. Kila mstari una jina la bia, jina la aliyeipika, mahali ilipopikwa na asilimia ya kilevi. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti: "Humu ndani hatufiki ishirini. Anayemimina ananieleza habari za mpikaji utadhani ni shemeji yake. Sisi kwa nini hatuna kitu kama hiki?"

Nilisikiliza ujumbe ule nikiwa Mbweni, nimekaa kwenye benchi la mbao chini ya mwembe, mbele yangu beseni la vikombe vya plastiki vinavyosubiri kuoshwa. Pembeni yangu wazee watatu walikuwa wanakunywa mbege na kubishana kuhusu Simba na Yanga. Sikumjibu siku ile. Hii ndiyo jibu langu, limechelewa.

Niseme mapema, kwa sababu mhakiki anayeficha maslahi yake hana tofauti na mpiga debe: kilabu ninachotaka kukihakiki ni cha mama mdogo. Nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza, mkopo ulitosha nusu ya mahitaji, na nusu nyingine ilitoka kwenye ndoo zake. Katika kila fomu niliyojaza, mahali palipoandikwa "kazi ya mlezi", nilijaza "biashara ndogondogo". Sikuwahi kuandika neno pombe. Sasa ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi, ninapata alama kwa kueleza waandishi wameficha nini nyuma ya maneno yao, na hilo langu bado halijanitoka rohoni.

Nianze na ubao, maana nao ni matini. Baa za namna ile ni hoja dhidi ya kitu fulani. Copenhagen ndiko ilikozaliwa Carlsberg mwaka 1847, na kwa miaka mingi bia ya mji ule ilikuwa bia ya kiwanda, ile ile kila chupa. Mwaka 2006 mwalimu wa fizikia na hisabati, Mikkel Borg Bjergsø, aliyekuwa akijaribu kupika bia jikoni kwake, alianzisha Mikkeller pamoja na rafiki yake Kristian Keller. Hawakuwa na kiwanda; walikuwa wanapikia kwenye mitambo ya wengine. Mwaka 2010 Mikkeller ikafungua baa yake mtaa wa Viktoriagade, huko huko Vesterbro. Baa ndogo za aina hiyo zinamfundisha mnywaji swali moja: nani amepika? Ni swali zuri. Mtu akiagiza Safari au Kilimanjaro hapa Dar hamuulizi mhudumu nani amepika. Anauliza kama ni ya baridi.

Lakini ubao una jambo lingine ambalo rafiki yangu hakuliona, kwa sababu alikuwa amefurahi. Jina linaandikwa kwa kuwa mwenye jina hayupo. Yule anayemimina anamsimulia mpikaji kama shemeji kwa sababu mpikaji yuko mji mwingine, pengine nchi nyingine. Ukaribu anaousikia rafiki yangu umejengwa kwa maandishi na masimulizi. Siudharau, mimi mwenyewe ninaishi kwa maandishi na masimulizi. Ninachosema ni kwamba ni ukaribu wa kusomwa.

Sasa njoo Mbweni. Ukiacha Barabara ya Bagamoyo ukaingia ndani kwa bodaboda, unapita mageti marefu na kuta zenye nyaya za umeme, kisha ghafla kiwanja ambacho hakijajengwa. Mama mdogo ni mlinzi wa kiwanja hicho. Ana chumba kimoja cha matofali, jiko la nje, mwembe na mabenchi matano. Hakuna bango. Siku mbege ikiwa tayari, watu wanajua. Sijui wanajuaje, nimeishi pale miaka sita na bado siwezi kukueleza.

Ndizi mbivu anazinunua Mabibo, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi. Anazichemsha kwa saa nyingi hadi maji yawe mekundu, kisha anaziacha zichache kwa siku kadhaa. Ulezi anauotesha, anauanika, anausaga uwe kimea. Magome ya msesewe, yanayoipa mbege uchungu wake, yanatoka Machame kwa basi, ndani ya mfuko wa sandarusi, kwa mkono wa ndugu yeyote anayesafiri. Ndizi zikishachacha anazichuja, anatia msesewe, anachanganya na uji wa kimea. Kesho yake inanyweka. Kesho kutwa imeanza kuwa kali, na siku inayofuata ni ya wenye roho ngumu. Mbege haingoji mtu. Huwezi kuipeleka Ulaya ikasimuliwe na mwingine. Inakulazimisha uifuate ilipo.

Wateja wa kwanza wakishakaa, mama mdogo huchota kata ya kwanza na kuinywa yeye, mbele yao. Ndipo anampa mzee kuliko wote, kisha wengine. Uchaggani huu ni utaratibu wa siku zote: aliyepika anaonja kwanza, ili mgeni ajue kilichomo hakina baya. Nimeuona mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa siuoni tena. Picha ya ubao ndiyo iliyonirudishia macho. Kule mpikaji anaweka jina, hapa anaweka mdomo. Kata ile ya kwanza ni saini yake, na kwa saini hiyo anakubali kuulizwa. Mbege ikiwa mbaya, wa kulaumiwa amesimama pale pale na kanga yake kiunoni.

Basi kwa nini rafiki yangu, mtoto wa Moshi kama mimi, aliuliza kwa nini hatuna kitu kama hiki? Nadhani jibu liko kwenye lugha. Cha kiwandani tunakiita bia na tunakinywea baa. Cha mama mdogo ni pombe, tena ya kienyeji, na kinanywewa kilabuni. Neno kilabu lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, ambao kwao lilikuwa jina la mahali pa mabwana wakubwa. Kwetu likashuka hadi kwenye benchi la mbao. Ukishapanga maneno hivyo, baa ya watu ishirini huko Copenhagen inakuwa utamaduni, na mabenchi matano ya Mbweni yanakuwa uswahilini.

Fasihi nayo imesaidia upangaji huo. Wengi wetu tulikutana na pombe ya kwenye vitabu kupitia walevi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, yumo Zakaria, baba mlevi, na Kezilahabi hakumwonea. Akina Zakaria wapo. Lakini darasani tulijadili mlevi, tukajadili familia yake, tukajadili maadili. Sikumbuki hata siku moja mwalimu au mwanafunzi akiuliza nani alikuwa anapika, na fedha ile ilimsomesha nani. Mimi nilikuwa na jibu, nikanyamaza.

Aliyeuliza ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika Petals of Blood, riwaya yake ya mwaka 1977, bibi kizee Nyakinyua anapika theng'eta kijijini Ilmorog, na wanaoinywa wanafunguana mioyo. Baadaye Wanja na Abdulla wanaiuza, inapendwa, inakuwa biashara. Na mwisho wenye mtaji wanaichukua, inakuwa bia ya kiwanda, na waliokuwa wakiipika hawana chao. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni riwaya ya ukoloni mamboleo, kama nilivyofundishwa. Nilipoisoma mara ya pili, chumbani kwa mama mdogo, niliona ni riwaya kuhusu kinywaji kilichopata jina kikampoteza mpikaji. Ubao unampa mpikaji heshima, kweli. Jina hilo hilo likishasajiliwa na mwingine, linakuwa geti.

Nisije nikaonekana ninasifia tu. Kilabu hiki kina kasoro, na ninazijua kwa kuwa ninaosha vikombe vyake. Wanaokaa ni wanaume. Wanawake tunachota, tunaosha, tunasimama. Siku ya tatu, mbege ikishakuwa kali, mama mdogo huiuza bado, na anaowauzia siku hiyo ndio wale ambao wangepaswa kuwa nyumbani. Jioni moja mwanamke alikuja kumfuata mumewe, akasimama penye mwembe bila kusema neno mpaka mwanaume akainuka. Mama mdogo aliangalia ndoo yake. Baadaye nilimuuliza, akanijibu, "Mwanangu, na mimi nililelewa na anayekunywa. Nisipouza, ada yako ningeitoa wapi?" Sikuwa na la kusema. Zakaria wa Kezilahabi na ada yangu wametoka kwenye ndoo moja, na uhakiki wowote wa kilabu usioweza kuvishika vyote viwili haufai.

Mwezi Agosti mwenye kiwanja alikuja na mpimaji. Sasa kuna mawe ya mipaka yamepakwa rangi nyeupe, moja liko hatua mbili kutoka kwenye jiko. Mama mdogo ameambiwa ujenzi utaanza mwakani, na hana kinyongo. Kiwanja si chake, na siku zote alijua. Mimi ndiye niliyehangaika. Nilimwambia tutafute sehemu, tuweke meza nzuri, tuandike ubao, tuweke jina lake, watu wa kwenye mageti waje. Nilimwonyesha ile picha ya Copenhagen.

Aliitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole ikuze maandishi.

"Wameandika vizuri," akasema. "Sasa mpikaji yuko wapi?"

"Hayupo, mama mdogo. Ndiyo maana wameandika."

"Basi mimi nikiondoka uniandikie. Nikiwa nipo, waniulize."

Hataki jina lake hapa, na nimeheshimu. Mwanzoni nilidhani ni aibu, ile ile iliyokuwa inanijazisha "biashara ndogondogo" kwenye fomu. Nimeacha kudhani hivyo. Aibu ilikuwa yangu peke yangu. Yeye anawanywesha watu kwa uso wake tangu mimi sijajua kusoma.

Kwa hiyo, rafiki yangu, Desemba ukija likizo wahi, kabla nguzo hazijasimama. Ubao wa chaki sina, lakini ulitaka mstari, na mstari nimekuandikia:

Mbege. Ndizi za Mabibo, msesewe wa Machame. Imepikwa Mbweni, inanywewa kesho. Mpikaji yupo hapa. Muulize.