Dude la Meno Elfu Latua Mwamapalala

Nimetoka bandani sasa hivi. Viatu vimejaa tope, sauti imekauka, na mkono wangu wa kushoto una alama za kucha za kijana tuliyekaa naye benchi moja, ambaye mpaka leo mchana nilikuwa simjui. Naandika kabla moyo haujatulia, maana ukitulia nitaanza kuandika kwa adabu, na hii si picha ya kuandikiwa kwa adabu.

Inaitwa The Deadly Spawn. Ni ya Marekani, ya mwaka 1983, mwongozaji ni Douglas McKeown, na bajeti yake inatajwa kuwa dola kama 25,000 tu. Ya zamani, najua. Kwangu ni mpya ya leo, na kwa watu waliobanana leo kwenye banda la video hapa Mwamapalala ni mpya vilevile. Niliileta kwenye flashi. Mwenye banda aliangalia dakika mbili za mwanzo akakunja uso: "Hii picha ya kizamani kaka, watu watadai hela yao." Kilichoniokoa ni mvua. Hakuna mechi, hakuna wa kwenda shamba, kila mtu anatafuta pa kujikinga. Kiingilio shilingi mia tano, matobolwa na karanga mlangoni, watoto wadogo wakatolewa nje, nao wakahamia moja kwa moja kwenye matundu ya mabati kuchungulia.

Akanikabidhi maiki nitafsiri. Mimi! Nikajifanya Lufufu, yule mtafsiri wa picha za bandani.

Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Kimondo kinaanguka porini usiku, karibu na vijana wawili waliopiga kambi. Ndani yake mna kitu. Kufikia asubuhi, mvua inanyesha, kitu hicho kiko tayari kwenye chumba cha chini cha nyumba moja, vile vyumba wanavyochimba ardhini chini ya sakafu, na humo maji yamejaa. Baba anashuka kuangalia maji. Harudi. Mama anashuka kumwangalia baba.

Hapo kwa mama ndipo banda lilipovurugika. Dude linajitokeza lote, bila kona wala kivuli cha kulisitiri. Vichwa vitatu. Macho hakuna. Meno, ndugu zangu, meno! Safu nyuma ya safu mpaka ndani ya koo, marefu, membamba, yamelowa ute. Dada mmoja nyuma yangu alipiga ukelele, "Mayu wane!", akajifunika khanga usoni, kisha nikamwona anaivuta pembeni kidogo apate kuona kwa jicho moja. Mwenye banda, yuleyule wa kukunja uso, alikuwa amesimama mlangoni na chenji ya watu mkononi, ameisahau.

Sasa nisikilizeni. Dude lile lipo. Halikuchorwa kwa kompyuta. Fundi wake, John Dods, alilitengeneza kwa mikono, likawekwa ndani ya chumba kilekile walichosimama waigizaji, likachezeshwa na watu. Taa ikilipiga linatupa kivuli ukutani. Likigeuza shingo, maji yanatikisika. Nimeona picha za mamilioni ya dola ambamo joka la kompyuta linapita juu ya majani na majani hayalali. Hapa mpira na ute vinagusana na ngozi ya mtu, na mwili wako unajua kabla akili haijajua. Hata lile dude la Alien, picha ya mwaka 1979 yenye fedha nyingi kuliko hii, ndani ya vazi lake mlikuwa na mtu: Mnigeria, Bolaji Badejo, kijana mrefu kupindukia. Jasho la mtu ndani ya mpira, hakuna kompyuta inayolipata.

Halafu kuna vitoto vyake. Vinaogelea kwenye yale maji kama viluwiluwi, vingi, vyenye meno. Ukikaza macho utahisi kuna mtu pembeni anavuta uzi. Na bado watu wa benchi la mbele walipandisha miguu juu! Sakafu ya banda ilikuwa na maji ya mvua kweli, yakipenya chini ya mabati. Hilo sikulipanga, ila naomba lihesabiwe kwenye sifa za onyesho.

Kasoro? Zipo tele. Baadhi ya waigizaji wanaongea kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Katikati kuna maongezi ya wanafunzi kuhusu sayansi ambayo niliyatafsiri kwa sentensi mbili na hakuna aliyelalamika. Lakini bajeti ile inaonekana imekwenda wapi: imekwenda kwenye meno. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mchoraji Tim Hildebrandt, yule aliyechora na pacha wake Greg bango moja maarufu la Star Wars mwaka 1977, na mtoto mkuu wa picha ni mwanawe wa kumzaa. Nyumba ya mtu, mtoto wa mtu.

Kitu kilichowasumbua watazamaji wangu kilikuwa kingine kabisa: steringi ni nani? Banda zima lilitaka kujua. Kwanza wakadhani ni baba. Kaliwa. Wakahamia kwa kaka mkubwa, msomi, mwenye msichana mzuri ambaye picha nyingine yoyote ingemfikisha salama mpaka mwisho. Sisemi yaliyompata, ila mzee mmoja alisimama na kuuliza kwa hasira, "Sasa tumebaki na nani?" Katikati ya hofu hiyo kuna karamu ya mabibi wasiokula nyama, ambapo kitoto cha dude kinaingia kwenye mashine ya kusagia jikoni, mchuzi wa kijani unapakuliwa na mtu anauonja. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu.

Steringi ni mtoto. Charles, mdogo wa nyumba, mpenzi wa picha za mazimwi, chumba chake kimejaa vinyago na sura za kutisha, na mjomba wake aliyekuja kumtembelea anamhoji kana kwamba ni mgonjwa. Anashuka kule chini na kukutana na dude uso kwa uso. Hakimbii. Anasimama kama mti, anatazama, anagundua: halioni, linafuata sauti. Niliona hilo linakuja nikazima maiki. Banda likanyamaza. Muda mrefu hakuna kilichosikika ila mvua juu ya bati, na kule nje mtoto mmoja kwenye tundu lake akisema polepole, "Yaya, yaya, usitikisike."

Ndipo yule mzee akasema, bila kupaza sauti, "Huyu Masala Kulangwa."

Ningependa sentensi hiyo ingekuwa yangu. Kila aliyekulia Usukumani anajua habari ya Shing'weng'we, lile lijimu lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto aliyezaliwa, ndiye Masala Kulangwa, akawa anaua kila kidudu na kumpelekea mama yake: ndiye huyu Shing'weng'we? Siye. Mpaka siku alipolipata lenyewe, akaliua, akapasua tumbo, watu wakatoka, na kisu kikamkata sikio bibi mmoja ambaye badala ya kushukuru alikasirika. Charles naye hashindi kwa nguvu. Anashinda kwa kuujua mdomo wa dude na kuchagua cha kuulisha. Anaulisha nini? Kaangalieni wenyewe.

Baada ya hapo maneno hayakuisha. Kijana mwenye kucha alinikumbusha mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama vya wacheza ngoma vya Kisukuma, jinsi wachezaji wanavyoleta uwanjani sanamu za mbao zenye viungo vinavyotikisika ili watu wauhame upande wa pili, na bayeye, wale wacheza na nyoka, na nyoka wao hai. "Hawa wazungu wamefanya Bagika tu," alisema. Kweli tupu! Kumvuta mtazamaji kwa kitu kilichochongwa na kuchezeshwa kwa mkono, hilo Usukuma ilikuwa nalo kabla ya bati la kwanza la banda la video. Ngozi za ng'ombe tunazo. Pamba ya kujazia tumbo la lijimu tunayo mpaka inakera. Mafundi wa kuchonga wapo. Kamera iko kwenye simu ya kila mtu aliyekuwa bandani leo. Wewe unayesoma hii, uwe Itilima, Bariadi au Maswa, na mkono wako unajua kuchonga au kushona, nakusihi: nitengenezee Shing'weng'we. Mimi nitaleta mvua.

Jumamosi inarudiwa, mwenye banda ameamua mwenyewe, na kiingilio amekipandisha mpaka mia saba. Lipeni. Na dude likishakufa msinyanyuke kuwahi mlango kama wengine walivyofanya leo. Kaeni mpaka mwisho kabisa, mkitazama kile kilima nyuma ya nyumba.