Nyama ya Mbega na Kura ya Jimbo: Usomaji Mpya wa Habari za Wakilindi

Ikisiri

Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, imezoeleka kutumiwa kama chanzo cha historia ya Usambaa. Makala haya yanaisoma kama kazi ya fasihi inayohoji namna mtu anavyopata ridhaa ya kuwaongoza watu wa mahali fulani. Kisa cha Mbega kinalinganishwa na mjadala wa takrima uliofikishwa Mahakama Kuu ya Tanzania. Hoja kuu ni kwamba kisa hicho hakihalalishi zawadi ya mgombea, ingawa usomaji wa juujuu unaweza kudokeza hivyo. Kinaiwekea zawadi sharti zito, kisha sehemu za baadaye za kitabu zinaonesha hasara ya sharti hilo kusahauliwa.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Lushoto ina majimbo matatu ya uchaguzi: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Kila msimu wa uchaguzi unapowadia, watia nia huchukua fomu, husaka kura za maoni ndani ya vyama vyao, kisha walioteuliwa hupanda na kushuka milima kuomba ridhaa ya wananchi. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara hiyo haimtaki awe mzaliwa wa jimbo analoligombea. Wala haimuulizi amewatendea nini watu anaotaka kuwasemea.

Pengo hilo hujazwa na masimulizi. Mgombea hujieleza kuwa mtoto wa nyumbani, au mtu wa vitendo, au mkarimu asiyesahau alikotoka. Usambaa ina simulizi kongwe kuliko yote hayo, na limeandikwa kwa Kiswahili. Sehemu za Habari za Wakilindi zilichapishwa Magila na wamisionari kati ya mwaka 1895 na 1907. Toleo lililohaririwa na J.W.T. Allen likatoka mwaka 1962. Uhakiki wa kazi hii umeongozwa kwa kiasi kikubwa na wanahistoria, hasa Feierman, aliyeonesha kwamba kisa cha Mbega hakipaswi kuchukuliwa kama taarifa ya matukio tu, bali kama mpangilio wa ishara. Makala haya yanalikubali wazo hilo na kulipeleka kwenye swali ambalo wapiga kura wa leo wangali nalo: zawadi ya anayetaka kuongoza ina maana gani?

2.0 Nguruwe Kwanza, Nyama Baadaye

Mbega anaanza kisa akiwa mtu aliyekataliwa. Ni kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wa Nguu wanamnyima urithi. Anakuwa mwindaji wa nguruwe, anatangatanga na mbwa wake, na hatimaye anaingia milima ya Usambaa. Wenyeji wanampokea, anawapa nyama, nao wanampa chakula cha mashambani. Sifa zake zinaenea. Anakaa Bumbuli, kisha watu wa Vuga wanamfuata ili awe wao. Njiani anaua simba, na kutokana na tendo hilo sifa ya simba inashikamana na ufalme wake.

Msomaji mwenye haraka ataona hapa mgeni anayenunua ufalme kwa nyama. Usomaji huo unaruka hatua moja. Mnyama anayewindwa si swala wala nyati. Ni nguruwe, adui wa mkulima, anayefukua shamba usiku na kuiacha kaya bila chakula. Nyama ni matokeo ya kazi ambayo tayari imewafaa wenyeji kabla haijafika chunguni. Hata kama Mbega asingemgawia mtu kipande kimoja, shamba lingekuwa limekwisha kuokolewa. Zawadi yake inathibitisha kazi iliyotangulia. Haichukui nafasi ya kazi hiyo.

Jambo la pili ni mwelekeo wa mabadilishano. Nyama inatoka porini, chakula kinatoka shambani, na kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Wenyeji hawapokei kama maskini wanaosaidiwa. Nao wanatoa, na kwa kutoa wanabaki na hadhi ya kumkubali au kumkataa mgeni. Mwandishi anaongeza sifa nyingine: Mbega ni msemaji na mwamuzi wa magomvi. Nyama peke yake, kwa mantiki ya matini, isingetosha.

3.0 Mgeni na Mzawa

Kisa kinatikisa pia dhana ya mtoto wa nyumbani. Nyumbani kwao Mbega alinyimwa. Alikopata heshima ni ugenini. Hata hivyo, matini hayasemi kwamba ugeni ni sifa. Mbega anaoa katika jamii mbalimbali za milimani, na watoto wake wanakuwa wapwa wa wenyeji wanaokuja kuwatawala. Buge, mrithi wake, ni mtoto wa mama wa Vuga. Baba ni mgeni, mwana ni wa nyumbani, na kilicholeta badiliko hilo ni ujomba. Uzawa, kwa hiyo, ni uhusiano unaojengwa na unaoweza kudaiwa: mjomba ana haki ya kumkanya mpwa wake hata kama mpwa ni mtemi.

Ulinganisho na uchaguzi wa mwaka 1965 unasaidia hapa. Katika uchaguzi huo wa chama kimoja, kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine nyumba. Alama hizo zilikuwa za nchi nzima na hazikuhusiana na Usambaa. Lakini kwa msomaji wa Habari za Wakilindi zinadokeza jambo: zote mbili ni za upande wa shamba na makazi, ndiko Mbega alikopaswa kufika ili awe mtawala. Mwindaji hatawali akiwa porini. Anatawala akishajengewa nyumba na wenye majembe.

4.0 Takrima Mbele ya Mahakama

Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili vitu vitolewavyo kwa nia njema kama ukarimu wa jadi visihesabiwe kuwa rushwa. Neno lililotumika ni takrima, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kukirimu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Sababu mojawapo ilikuwa ubaguzi: mgombea mwenye kipato kikubwa angeweza kukirimu, asiye nacho asingeweza.

Hoja ya kifasihi inatimiza ile ya kisheria kwa njia nyingine. Watetezi wa takrima waliegemea neno jadi. Jadi iliyoandikwa ya Usambaa, ikisomwa kwa makini, haiwaungi mkono. Zawadi ya mgombea hutoka mfukoni, na ikishaliwa nguruwe wangali shambani. Aidha, mpokeaji hapewi nafasi ya kurudisha kitu kingine isipokuwa kura yake, kitu ambacho hakipaswi kubadilishwa na chochote. Mzaha wa mitaani unaochezea ukaribu wa sauti za kura na kula una ukweli mchungu ndani yake: unakiri kwamba siku ya kula ndiyo siku pekee ambayo mpiga kura ana uhakika wa kupata kitu.

5.0 Kiva: Upande wa Pili wa Kitabu

Uhakiki unaoishia kwa Mbega unakisaliti kitabu. Abdallah bin Hemedi aliishi karibu na watawala wa Kikilindi, na kazi yake inawaheshimu. Hata hivyo haifichi kilichofuata. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, wana na wajukuu wanapigana, Semboja wa Mazinde anapata nguvu kwa bunduki na biashara, na watu wanauzwa utumwani. Wajukuu wa mtu aliyeokoa mashamba wanawinda wenye mashamba. Wabondei wanajibu kwa kiva, maasi ya kuwafukuza Wakilindi.

Washambaa wana maneno ya kuupima utawala: kuzifya shi ni kuitengeneza nchi, na kubana shi ni kuiharibu. Ushindani wa wakubwa waliolingana, nguvu kwa nguvu, ulihesabiwa kuwa uharibifu. Hapa ndipo kipimo cha jadi kinapogongana na kura, kwa kuwa kura haiwezi kuwapo bila washindani. Lakini kitabu chenyewe kinatoa mwanga. Masharti ya Mbega hayakuwa na muda wala njia ya kuyadai upya. Yalipovunjwa, waliodhulumiwa walibaki na silaha tu. Uchaguzi wa kila baada ya miaka mitano ni kiva isiyomwaga damu: ruhusa ya kumfukuza mtawala bila kuichoma nchi. Anayeinunua kura anamnyang'anya mwananchi ruhusa hiyo, na kumrudisha kwenye hali ya Wabondei kabla hawajaasi.

6.0 Hitimisho

Habari za Wakilindi si mwongozo wa kampeni, na mtawala wa Vuga si mbunge. Thamani ya ulinganisho huu ni kwamba kazi ya Kiswahili iliyoandikwa zaidi ya karne moja iliyopita inatoa maswali matatu ambayo ibara ya 67 haiulizi. Je, kazi ilitangulia zawadi? Je, anayepokea anabaki na hadhi ya kukataa? Je, wajomba wana njia ya kumkanya mpwa wao? Wahakiki wameiachia historia kitabu hiki kwa muda mrefu. Mahali pake pengine ni katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili, ambako wanafunzi wengi ni wapiga kura wa mara ya kwanza.