Takriri ya Chuma: Kusoma Klachi ya Pleti Mbili

Klachi ikifunguliwa na kulazwa juu ya meza ya fundi, inasomeka. Chukua ile ya kiwandani ya pikapu ya Ram ya dizeli, injini ya Cummins na giaboksi ya mkono ya G56. Ina pleti moja, na flaiwili yake ni ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa springi zinazomeza mtikisiko wa silinda sita kabla haujafika kwenye gia. Lengo la umbo zima ni moja tu: dereva asisikie kitu.

Ila klachi hiyo ya kimya na giaboksi yake zina kikomo cha torki, na kiwanda kilikijua. Mwaka 2018, injini hiyo ya lita 6.7 iliachiwa torki ya nyutoni-mita 895 ikiwa na gia za mkono, lakini ikifungwa giaboksi otomatiki ya Aisin ilifika 1,261. Mwenye pikapu akibadili programu ya injini kisha akafunga tela zito, klachi inaanza kuteleza: mshale wa mizunguko unapanda, gari haliongezi mwendo, harufu ya kuungua inajaa ndani.

Uwezo wa klachi kushika una nguzo nne: mkandamizo wa presha pleti, ukali wa msuguano, nusu-kipenyo, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Ukiongeza mkandamizo, mguu wa kushoto utaumia kwenye foleni. Ukiweka vipande vya seramiki, gari litaruka kila unapoachia pedali. Nusu-kipenyo nacho hakiwezi kuvuka nyumba ya klachi. Inabaki idadi. Pleti ya pili inaleta nyuso nne badala ya mbili, na mkandamizo hauhitaji kuongezwa, kwa kuwa nguvu inayobana pleti moja inapita kwenye pleti ya kati na kuibana ya pili vilevile. Mguu haudaiwi chochote.

Mhakiki wa ushairi angeiita pleti hii ya pili takriri, na kama takriri iliyopangwa vizuri, ina tofauti ndani yake. Katika miundo mingi, pleti ya mbele na ya nyuma hazibadilishani nafasi. Kitovu cha kila moja kimechomoza upande wake ili visigongane. Fundi akiigeuza moja, klachi haitaachia hata ukikanyaga mpaka sakafuni.

Kushika ni rahisi; kuachia ndiko kwenye deni. Mwendo wa pedali uliokuwa ukigawanywa kwa nyuso mbili sasa unagawanywa kwa nne, kwa hiyo kila mwanya ni mwembamba zaidi. Hewa kidogo tu kwenye hidroli, na gia ya kurudi nyuma inakwaruza. Ndiyo maana wengi hubadili na silinda za klachi papo hapo.

Halafu kuna kelele. Ukikanyaga pedali, pleti ya kati inalegea na kugongagonga. Flaiwili mpya inayofungwa pamoja na pleti mbili ni ya kipande kimoja, hivyo gari likinguruma taratibu bila gia unasikia meno ya giaboksi yakitetema. Mimi naiona kelele hiyo kuwa sehemu ya umbo, si dosari: springi za kuficha zimeondolewa.

Kinachonikera ni namna klachi hizi zinavyonadiwa kwa idadi ya farasi. Klachi haijui farasi, inajua torki. Farasi 400 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ni takriban nyutoni-mita 950. Farasi haohao kwenye mizunguko 1,600, injini ikivuta mlimani, ni karibu 1,780. Tarakimu moja, mizigo miwili.

Swali ambalo umbo hili linaliacha wazi liko nyuma yake. Kuteleza kwa klachi dhaifu kulikuwa pia kinga: mshtuko uliishia kwenye pleti. Klachi isiyoteleza inaupeleka kwenye shafti ya kuingilia giaboksi, kisha kwenye meno ya gia, na kiwanda hakikuzipima sehemu hizo kwa torki ya mwenye programu mpya. Kwa anayevuta tela kila wiki, hatari hiyo inalipa. Kwa pikapu ambayo injini yake haijaguswa na mzigo wake mkubwa ni mifuko ya saruji, naona umenunua kelele tu.