Ziwa Halipwi

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri makala ya Kiingereza juu ya mji wa Ujiji. Mwandishi wake alikuwa anaeleza jinsi reli ya kati, ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilivyoinyang'anya Ujiji mizigo na abiria waliokuwa riziki yake tangu enzi za misafara. Hapo akaingiza ile nahau waipendayo Waingereza, kwamba maji ya bahari yaligeuka. Mimi, mtu wa kisiwani, sikusita hata kidogo. Niliandika: "Maji yakapwa Ujiji." Nikaisoma kwa sauti, ikanipendeza, nikaendelea mbele.

Baadaye nilikwenda Simbo, si mbali na Ujiji, kumtembelea rafiki yangu anayelima michikichi. Huko nikakutana na mzee mmoja ambaye katika ujana wake alivua dagaa Ujiji kabla ya kuhamia shambani. Tafsiri yangu alikuwa ameisoma. Akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, ni kweli maji yalikwenda mbali. Lakini hayo yalikuwa kabla ya reli."

Sikumwelewa mpaka aliponifafanulia. Yeye hakuona nahau pale, aliona habari. Na habari yenyewe ni ya kweli. Katika miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda sana, na kiasi cha mwaka 1878 likapasua njia katika mto Lukuga, upande wa Kongo, maji yakaanza kutoka. Kina kikashuka kwa mita kadhaa, ufuo ukausogea mbali mji wa Ujiji. Leo hii anayekwenda kutazama mahali wanapokumbukwa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, hupaswa kutembea kitambo kabla hajayagusa maji. Kwa hiyo sentensi yangu niliyoiona tamu ilikuwa imemfundisha msomaji tarehe ya uongo.

Ndugu msomaji, sisi wa pwani tumezoea kuiona bahari kama kamusi. Tukitaka kusema bahati imegeuka, maji yapo, yanapwa na kujaa mbele ya nyumba zetu, na saa sita hivi zikipita yanarudi yalikotoka. Kupwa kwetu hakuna msiba. Mwenye ngalawa iliyokwama mchangani hukaa akangoja, na watoto huokota chaza. Ziwani hakuna jambo hilo. Maji ya Tanganyika yakishuka, hushuka kwa miaka, na aliyeyaona yakienda huenda asiyaone yakirudi. Yakipanda, kama yalivyopanda mwaka 2024 yakaingia hata katika mitaa ya Bujumbura, hayaondoki jioni yake. Basi neno hili moja, "kupwa", Unguja lina subira ndani yake, na Simbo lina kuhama makazi. Nani atathubutu kusema kuwa nimefasiri?

Wapenzi wa tamthilia watakumbuka kwamba kikwazo hiki kimo pia katika kazi aliyoifasiri Julius Nyerere, Juliasi Kaizari. Mle Brutus, akitaka kumsukuma mwenziwe vitani, analinganisha mambo ya watu na maji ya bahari yajaayo, ambayo asiyeyawahi hukwama. Nyerere alizaliwa Butiama, upande wa Ziwa Viktoria, ziwa nalo lisilojulikana kwa kupwa. Hilo halikumzuia kuifasiri tamthilia yote, wala sidhani kuwa lilipasa kumzuia, maana kwa Shakespeare bahari imeelezwa ndani ya hotuba yenyewe: msomaji wa Simbo huionyeshwa kwanza, kisha huambiwa maana yake. Nahau ndiyo iliyo ngumu. Nahau ni picha ambayo wenyewe wameshaacha kuitazama, na anayeifasiri neno kwa neno huwalazimisha wageni kuikodolea macho.

Tazama jinsi tunavyozishughulikia nahau za mzunguko. Mwingereza akisema mtu anakwenda katika miduara, anamaanisha kuwa mtu huyo hafiki. Akisema jambo limekamilisha duara, anamaanisha kuwa limefika, na tena limefika kwa uzuri. Umbo ni moja, hukumu ni mbili. Waandishi wetu wa magazeti huandika "duara limekamilika" kote kote, kana kwamba umbo ndilo lililotakiwa. Chukua meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kwa Mwingereza hadithi hii ni duara kamili. Kwangu mimi mtu wa pwani ulimi unakimbilia "tezi na omo, marejeo ni ngamani". Nimelijaribu Simbo hilo nalo. Rafiki yangu aliniuliza ngama ni nini. Nilipomwambia "dunia duara" alicheka, akasema hilo wanalo, ila humwambia anayemcheka mwenziwe aliyeanguka. Ni onyo basi, na meli haionywi.

Wapo wanaosema "mzunguko mwovu wa umaskini". Uovu huu umetoka wapi? Asili yake ni ya wanamantiki, waliokuwa wakilaumu hoja inayojithibitisha yenyewe kwa yenyewe, na waliloliona pale ni kasoro tu. Sisi tumeugeuza mduara kuwa shetani. Kumbe lugha yetu ina njia yake: umaskini huzaa maradhi, maradhi huzaa umaskini. Huo ndio mwendo wa pindu, ambamo mwisho wa ubeti hushikwa ukafanywa mwanzo wa ubeti ufuatao, na msomaji wa tungo huusikia mzunguko bila ya kutajiwa duara. Kadhalika mwenye kutaka kujua marejeo yenye kukamilisha na alitazame shairi lenye kituo kisichobadilika: mshororo ni ule ule, lakini katika ubeti wa saba umebeba mzigo ambao katika ubeti wa kwanza haukuwa nao. Kuhusu "duru za kisiasa" za redioni sina la kusema, ila kwamba wengi wa wasikilizaji hungoja kutajiwa duru ya pili.

Mara nyingine bahati hutuangukia. Meza zikigeuka Uingereza, kwetu mtu hugeuziwa kibao, na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Na mara nyingine lugha huikataa picha ya mgeni ikawa imefanya vyema. Neno la Waingereza kwa tukio kama lile la Januari 1964 ni neno la magurudumu na nyota. Ndilo, katika Kilatini chake, alilolitumia Copernicus katika jina la kitabu chake cha mwaka 1543 kuelezea mizunguko ya sayari. Kiswahili hakikutafuta gurudumu. Kilisema mapinduzi, kutokana na kupindua, kama chombo kinavyopinduliwa na wimbi au mkeka unavyopinduliwa uonekane upande wa chini. Kizungukacho hurudi mahali pake. Kilichopinduliwa hakina ahadi hiyo. Siingii katika siasa. Natazama kitenzi tu, na naona kuwa kitenzi kilichaguliwa na watu waliojua wanachokisema.

Nilirudi kwenye sentensi yangu. Niliwaza kuandika "upepo ukageuka", kwa kuwa upepo uko pwani na uko ziwani. Lakini sisi tuna kusi na kaskazi, ambazo hugeuka kwa majira yake na kila nahodha huzihesabu, na Ujiji haikuhesabu lolote reli ilipokuja. Nilimpelekea yule mzee swali: wavuvi wa dagaa, wakitaka kusema mambo yamegeuka, husemaje? Nilijua kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukiwa mpevu nyavu hupumzika, kwa sababu samaki hawaifuati taa. Akajibu kwamba kwao, siku mambo yalipotengemaa, walisema giza limerudi.

Sikuweza kuitumia, maana makala ilisimulia hasara. Niliifuta bahari yote, nikaandika kwamba Ujiji ilikosa mizigo. Ile ya giza nimeiweka kwenye daftari. Siku moja itanijia kazi yenye habari njema kutoka ziwani, nami sijui nitawaelezaje wasomaji wa Unguja kwamba giza limerudi, na watu wanashangilia.